Imeharibika, Inatengenezeka, Imetupwa: Sarufi ya PlayStation Mbovu

Katika karakana ndogo karibu na soko la Kadutu, mteja huleta PlayStation isiyowaka na kusema: «Fundi, ilikufa.» Fundi huifungua, huitazama, kisha hujibu: «Inatengenezeka.» Makala hii inachunguza vitenzi hivyo, kwa kuwa kifaa huokolewa ao hutupwa kulingana na kitenzi tunachokipa.

«Kufa» hakuachi nafasi: kilichokufa huzikwa. «Haribika» ni tofauti. Kina kiambishi -ik- cha kauli ya kutendeka, chenye maana mbili. Pamoja na -me- huonyesha hali: waya umekatika, kitufe kimevunjika. Pamoja na -na- ao hu-, mara nyingi huonyesha uwezekano: waya unaungika, kitufe kinabadilishika. Kiambishi kinachotaja ugonjwa ndicho kinachotaja dawa. Hata mashine isiyofaa tena, fundi huchomoa lenzi ya kusomea diski, feni na skrubu, akavitia katika nyingine.

Lakini -ik- ina hila yake: humficha mtenda. Tulinganishe:

(1) Maneti imevunjwa na mtoto.
(2) *Maneti imevunjika na mtoto.

Sentensi ya pili haikubaliki. Ndiyo maana tunapenda kusema «ziwa limechafuka». Tukisema «limechafuliwa», msikilizaji atauliza: na nani? Na jibu tunalijua. Plastiki tunazotupa Bukavu huelea katika Ziwa Kivu hadi bwawa la Ruzizi I, zikakwamisha mitambo inayotupatia umeme. Ganda la PlayStation ni plastiki pia. Ndani yake, hasa katika vifaa vilivyoundwa kabla ya 2006, mwaka ambao Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia risasi katika elektroniki, mara nyingi kuna solda yenye risasi. Ukiichoma uani pamoja na takataka, moshi wake huvutwa na watoto.

Kuna sababu nyingine ya kutoitupa. PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000. Mwaka huohuo bei ya tantalamu, madini yanayopatikana katika koltani na kutumika katika kapasita ndogo za elektroniki, ilipanda sana. Watu wengi wakakimbilia machimbo ya Kivu, huku vita vikiendelea. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Hatuwezi kujua kama kapasita iliyo mezani pa fundi ilitoka katika milima yetu. Tunajua tu kwamba madini yake hayakuchimbika yenyewe: yalichimbwa, na kitenzi hicho kina mtu nyuma yake.

Zoezi. Andika sentensi tano ulizosikia nyumbani juu ya kifaa kibovu. Penye -ik- ya hali, weka -w- na umtaje mtenda. Penye «kufa», jaribu «inatengenezeka». Kama hujui, muulize fundi kabla ya kutupa.