Kwa Nini Tunainamisha Kichwa Tunaposikiliza

Ng'ombe amepotea usiku. Mchungaji wa Shinyanga anasimama, anainamisha kichwa upande, anasikiliza kengele. Mbwa wake naye hufanya hivyo. Kwa nini?

Sauti ikitoka kulia, hufika kwanza sikio la kulia. Gawa sekunde 1 mara 1,000. Tofauti hiyo haifiki hata kipande kimoja, lakini ubongo huitambua. Kujua kama sauti iko juu au chini ni vigumu zaidi. Hapo kuinamisha kichwa husaidia. Bundi mwenye uso mweupe hana shida hiyo: tundu lake moja la sikio liko juu kuliko jingine, naye hukamata panya gizani kwa kusikia tu.

Je, mtoto wako hugeuza sikio lile lile kila aitwapo? Usimchape ukidhani ni mkaidi. Huenda sikio la pili halisikii, au linatoa usaha. Mpeleke zahanati apimwe.