Bangi Hutuliza Wasiwasi au Huuwasha?



Ndugu zangu, usiku mmoja kabla ya mitihani nilikuwa na rafiki yangu chumbani kwetu Tororo. Alikuwa amevuta bangi aliyopewa Busia, akaambiwa ni dawa ya wasiwasi. Punde moyo ukamwenda mbio, akanishika mkono: "Ndugu yangu, nakufa!" Hakufa, alhamdulillah. Hukumu ya kilevi tunaijua. Leo tujifunze kilichotokea kichwani mwake.

Allah ameuumba ubongo na breki zake. Mwaka 1992 wanasayansi waligundua kemikali inayotengenezwa na ubongo wenyewe, wakaiita anandamaidi. Hutolewa kidogo, pale inapohitajika, hushika vipokezi viitwavyo CB1, hupunguza kelele za neva, kisha huvunjwa upesi. Vipokezi hivyo vimo pia katika amigdala, sehemu inayopima hatari na kuamsha hofu.

Bangi ina THC, ambayo hushika vipokezi hivyohivyo. Lakini THC haichagui mahali, wala haiondoki upesi. Kiasi kidogo kinaweza kumtuliza mtu. Kikizidi, huleta hofu, moyo kwenda mbio na kudhani kila mtu anakutazama. Na msokoto wa mtaani hauna kipimo. Ipo pia CBD, isiyolevya. Majaribio madogo yameonyesha kwamba inaweza kupunguza wasiwasi, lakini kwa kiasi kikubwa kilichopimwa na watafiti, si kwa kuvuta moshi.

Anayevuta kila siku, ubongo wake hupunguza vipokezi hivyo, na breki hulegea. Akiacha, usingizi hupotea na wasiwasi hurudi. Hudhani bangi ndiyo tiba, kumbe analipa deni la bangi yenyewe. Habari njema: akivumilia wiki kadhaa, vipokezi hurejea.

Ukimkuta mwenzako katika hali ile, mkalishe mahali patulivu, mpe maji, mwambie itapita baada ya saa chache, usimwache peke yake. Akiumwa kifua, akizimia au akiona visivyokuwepo, mpeleke hospitali mara moja. Kisha msitiri; usimtangaze.

Karibu na alfajiri rafiki yangu aliniambia kilichomsumbua: ada ya muhula. Tulilala chumba kimoja miezi mitatu, nami sikuwahi kumuuliza. Tuulizane hali, ndugu zangu, kabla muuza bangi hajatutangulia kuuliza.