Msaada wa Chakula Unaomfaa Jirani

Kaya iliyong'oa migomba kwa sababu ya mnyauko, ugonjwa ulioripotiwa mkoani Kagera mwaka 2006, husubiri zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kukata mkungu mwingine. Mkungu wa msaada huiva ndani ya siku chache, hivyo hauivushi kaya hiyo. Maharage yaliyokaushwa vizuri hudumu kwa miezi. Mahindi yenye ukungu yasitolewe kamwe, hata kwa nia njema; sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Machipukizi ndiyo zawadi kubwa kuliko zote, ila yatoke katika shamba lisilo na mnyauko, panga lipitishwe motoni, na eneo lililong'olewa liwe limepumzishwa takribani miezi sita. Kabla ya kutoa, mwananchi amwulize Mtendaji wa Kijiji ni kaya ipi imepungukiwa, na imepungukiwa nini.