Chatiboti imefika shambani: tuiulize vipi kuhusu mikorosho yetu?

Siku hizi nikipita Nanyamba, Kitaya hadi huku Msimbati, swali ninaloulizwa sana si la mbolea. Ni hili: "Bwana shamba, AI imeniambia nipige dawa hii, nipige?" Leo tulizungumze kwa kirefu, maana dawa ni hela, na ua la mkorosho likishaungua halikusubiri.

Wengi wetu mashine inayoongea tuliijua kwenye vibanda vya video. Kuna The Terminator ya mwaka 1984, na kabla yake kompyuta HAL kwenye filamu 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968, inayoongea kwa upole huku inaua watu. Unalipa kiingilio, unaangalia, unaenda kulala. Lakini hata HAL hajatoka, mashine ya kuchati ilishakuwepo. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alichapisha maelezo ya programu yake iitwayo ELIZA. Haikujua kitu. Ilichukua maneno yako ikakurudishia kama swali. Ungeandika "mikorosho yangu inanisumbua," nayo ingejibu kitu kama "kwa nini mikorosho yako inakusumbua?" Basi. Pamoja na hayo, katibu muhtasi wa Weizenbaum mwenyewe, aliyejua fika kuwa ni programu, alimwomba bosi wake atoke chumbani ili aongee nayo faragha! Tangu siku ile ilijulikana kwamba binadamu akijibiwa vizuri, anaamini haraka.

Halafu ikapita miaka mingi. Tarehe 30 Novemba 2022 ikatoka ChatGPT, na wengine wakafuata. Sasa chatiboti mojawapo iko ndani ya WhatsApp, lile duara dogo la rangi unaloliona kila siku. Hakuna cha kununua, ni bando lako tu. Ndiyo maana imefika Kilambo kabla ya lami.

Sasa sikiliza inavyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo pesa yako ilipo. Chatiboti imesomeshwa maandishi mengi mno, na inakadiria neno gani lifuate neno gani. Haijawahi kusimama chini ya mkorosho. Na maandishi ya kilimo cha korosho yaliyojaa duniani mengi ni ya Kiingereza, na mengi katika hayo yanatoka India. India wako kaskazini ya ikweta, mikorosho yao inatoa maua kuanzia Novemba hivi na wanavuna Februari hadi Mei. Sisi Mtwara maua ni kuanzia Juni, na Novemba tuko ghalani na magunia.

Niliijaribu mwenyewe. Nikaiuliza kwa kifupi, "nipulizie mikorosho lini?" Ikanijibu kwa Kiswahili kizuri kabisa: Novemba hadi Januari. Ukifuata hiyo, ubwiriunga umeshamaliza maua yako miezi mitano nyuma. Nikauliza nafasi ya kupanda, ikasema mita 8 kwa 8. Hiyo ni kama miti 63 kwa ekari. Naliendele wanatushauri mita 12 kwa 12, yaani miti 28. Tofauti hiyo huioni mwaka wa kwanza. Unaiona mikorosho ikiwa mikubwa, matawi yamefungana, ndani kuna giza na unyevu, na ubwiriunga unapenda hapo kuliko mahali pengine popote.

Nilipoandika swali upya, nikataja Mtwara, Tanzania, mwezi tulionao, umri wa miti, na kwamba maua ndiyo yanachomoza na yana unga mweupe, jibu lilibadilika. Likawa karibu sana na ninalowafundisha kwenye mashamba darasa. Kwa hiyo si chombo kibaya. Tatizo ni kwamba likikosa taarifa zako, linajaza pengo kwa taarifa za mtu mwingine, na haligugumizi.

Na majina nayo! Ukiandika "mbu" peke yake inaweza kukupeleka kwenye malaria. Andika "mbu wa mikorosho, Helopeltis". Hilo jina la kisayansi liandike nyuma ya daftari lako, na la ubwiriunga ni Oidium.

Bei usiiulize kabisa. Mwaka 2018 serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Oktoba 2024 minada ya kwanza ilivuka 4,000. Kati ya hapo bei imepanda na kushuka. Chatiboti inaweza kukupa bei ya msimu wowote kama vile ni ya leo asubuhi. Bei iko kwenye mnada, na matokeo yako AMCOS kwako.

Wenye mihogo, kuna kitu tofauti kidogo kinaitwa Nuru, cha PlantVillage. Hicho hakipigi stori. Unaelekeza kamera kwenye jani, kinakuambia kama kinaona dalili za batobato au michirizi ya kahawia. Kinaongea Kiswahili na kinafanya kazi bila intaneti, jambo kubwa ukiwa bondeni Ruvuma. Pima majani kadhaa, usitegemee moja.

Kuhusu dawa msimamo wangu ni mkali. Chatiboti ikikutajia kiuatilifu, hilo ni jina tu. Kabla ya kutoa hela hakikisha kimesajiliwa na TPHPA, soma kibandiko, kipimo ni cha kibandiko. Kwa salfa ya unga, kipimo tulichozoea ni gramu 250 kwa mti mkubwa kwa kila mzunguko, alfajiri umande ukiwepo na upepo umetulia. Ikikuambia mchana, achana nayo.

Wiki hii fanya zoezi moja. Andika swali lako mara mbili, mara ya kwanza kwa kifupi, mara ya pili na wilaya, mwezi, umri wa mti na unachokiona kwa macho. Piga picha majibu yote mawili, uje nayo Jumanne kwenye shamba darasa. Tutayasoma chini ya mti wenyewe.