Somo la 12: Pampu Inayorusha Maji

Katika mashamba mengi ya mboga yaliyo kandokando ya mito huonekana mashine ndogo ya chuma ikiunguruma ukingoni. Bomba moja limetumbukizwa mtoni. Bomba jingine limepanda hadi shambani, na maji yanatoka kwa nguvu. Ukiwauliza watu mashine hiyo hufanya nini, wengi watakujibu, "Inavuta maji." Jibu hilo si sahihi, na kosa hilo limewagharimu wakulima wengi. Hebu tuchunguze pampu hufanya nini hasa.

Jaribio

Vifaa: kopo tupu la maziwa, msumari, nyundo, kamba nyembamba na maji.

Toboa matundu manne ubavuni mwa kopo, karibu na kitako. Toboa mengine matatu karibu na ukingo wa juu, funga kamba tatu, kisha uziunganishe ili kopo liweze kuning'inia. Fanyeni jaribio nje ya darasa. Mmoja ashike kamba na mwingine ajaze maji. Tazameni maji yanaanguka wapi. Sasa zungusheni kopo mpaka kamba zisokotane, lijazeni tena, kisha liachieni. Je, maji yanaanguka mahali pale pale?

Mtaona kwamba kopo likizunguka, maji huruka mbali zaidi. Kitu chochote chenye mwendo huelekea kwenda mbele kwa mstari ulionyooka. Ukuta wa kopo ndio unaoyalazimisha maji yafuate duara. Penye tundu hakuna ukuta wa kuyazuia, basi huponyoka na kwenda zake.

Jambo jingine mnaliona kila siku nyumbani. Ukikoroga chai kwa nguvu, uso wa chai hubonyea katikati ya kikombe na kupanda kandoni. Likumbuke shimo hilo la katikati, maana tutalihitaji.

Ndani ya pampu

Nje ya pampu kuna ganda la chuma lenye umbo la konokono. Ndani yake mna gurudumu lenye mapanga, nalo huzungushwa na injini au mota ya umeme, mara nyingi zaidi ya mizunguko 1,000 kwa dakika. Maji huingia katikati ya gurudumu. Mapanga huyachukua, huyazungusha, na kuyarusha pembeni. Njia iliyo ndani ya ganda huzidi kupanuka kadiri inavyokaribia mlango wa kutokea. Kwa hiyo maji hupunguza mbio, na mbio hizo hugeuka kuwa mgandamizo unaoyasukuma maji juu kwenye bomba la kutolea.

Mapanga hayo hayakunyooka. Yamepinda kuelekea nyuma, kinyume cha upande wa mzunguko. Mwaka 1851, katika maonyesho makubwa ya London, Mwingereza John Appold alionyesha pampu ya namna hiyo. Ilipojaribiwa, ilifanya kazi vizuri kuliko zile zenye mapanga yaliyonyooka.

Nani huyapandisha maji kutoka mtoni?

Maji yakirushwa pembeni, mgandamizo wa katikati ya gurudumu hupungua, kama lile shimo la katikati ya kikombe. Huku nje, hewa inaukandamiza uso wa mto kwa uzito wake wote. Hewa hiyo ndiyo inayoyasukuma maji yapande katika bomba la kuingizia, yakajaze mahali palipoachwa. Pampu hurusha, hewa ndiyo inayopandisha.

Sasa fikiria shamba la nyanya wakati wa kiangazi. Mwenye shamba anawasha injini asubuhi. Inaunguruma vizuri, lakini maji hayatoki. Anaongeza mbio za injini, bado hayatoki. Jua linapanda na miche inaanza kunyauka. Je, pampu imekufa?

La, pampu ni nzima. Ndani yake mna hewa badala ya maji. Lita moja ya maji ina gramu 1,000, lakini lita moja ya hewa ina gramu moja na kitu tu. Mapanga yanapoirusha hewa nyepesi hivyo, mgandamizo wa katikati haupungui kiasi cha kutosha, na maji hubaki mtoni. Tena pampu ikizunguka kavu kwa muda mrefu hupata joto kali na kuharibika. Kwa hiyo mwenye shamba huzima injini, hujaza pampu na bomba la kuingizia maji mpaka yafurike, hufunga kizibo, kisha huwasha. Mwishoni mwa bomba hilo, mtoni, kuna kilango kiitwacho valvu kinachofunguka upande mmoja tu ili maji yasirudi. Jani moja tu likikwama hapo, maji yote huvuja usiku. Fundi mwenye busara huanza kutazama hapo kabla ya kufungua injini.

Uwezo wa hewa nao una kikomo. Usawa wa bahari, kama vile Dar es Salaam, hewa inaweza kupandisha maji kiasi cha mita 10 tu. Mbeya, mji ulio kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi zaidi, nayo haifikishi hata mita 9. Katika kazi halisi hatuvuki mita 6 au 7, kwa kuwa maji husuguana na bomba. Kisima kikiwa kirefu kuliko hapo, injini kubwa haisaidii kitu. Pampu yenyewe huteremshwa chini, ikazama majini, na kuyasukuma maji kutoka huko.

Zoezi

1. Kwa nini maji huingilia katikati ya gurudumu, wala si pembeni?
2. Mtu ana pampu juu ya kisima chenye maji mita 15 chini. Anataka kununua injini yenye nguvu zaidi. Ungemshauri nini?
3. Bomba la kuingizia lina tundu dogo juu ya usawa wa maji. Maji hayavuji pampu inapofanya kazi, lakini pampu haitoi maji vizuri. Eleza sababu.
4. Chora pampu, uonyeshe kwa mishale njia ya maji.