Kujenga Land Rover 109 ya Rimoti: Vumbi Ndiyo Rangi ya Mwisho

Land Rover inayong'aa haijakaa Dodoma. Labda jana ilikuwa bandarini, labda iko kwa muuza magari, lakini haijamaliza hata wiki mbili za mwezi wa nane hapa kwetu. Ndiyo maana mtu akiniletea gari dogo la rimoti alilolijenga kwa jasho lake, limepigwa rangi safi kila upande, swali langu la kwanza ni hili: gari hili linaishi wapi, na sasa ni mwezi gani? Akikosa jibu, namwambia kazi bado.

Mimi naishi Kikuyu, si mbali na Chuo Kikuu cha St. John's, pale ilipokuwa Sekondari ya Mazengo. Watoto wa mtaani kwetu hujenga magari ya waya, makopo na ndala, na baba zao walifanya hivyo hivyo. Ninachofanya mimi ni mchezo ule ule, ila nimeongeza mota, betri, rimoti na futi kamba. Futi ndiyo inayosahaulika kuliko vyote.

Anza kwa kuchagua gari unaloweza kuligusa. Tangu kampuni ya Traxxas ya Marekani ilipotoa TRX-4 yenye bodi ya Defender mwaka 2017, kila kijana anayeingia kwenye mchezo huu anataka Defender. Mimi nashauri pikapu ya Series III, ile 109 iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Kwanza, ipo. Ingia yadi za mafundi mjini utazikuta, nyingine zinatembea, nyingine zimepandishwa juu ya mawe zikisubiri kipuri kisichokuja. Pili, zinakalia springi za bapa, zile chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, mbele na nyuma. One Ten iliyokuja 1983, ambayo ndiyo ikaja kuitwa Defender, ina koili, na koili nzuri ya gari dogo ni shida kuitengeneza kwa mkono. Springi ya bapa unaitengeneza barazani.

Namba 109 ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, yaani milimita 2,769. Ukijenga kwa kipimo cha moja kwa kumi unapata milimita 277. Upana wa bodi ni milimita 1,676, kwako 168. Urefu wote ni 4,445, kwako kama 445. Tairi la 7.50-16 lina kimo cha karibu sentimita 80, kwako 8. Mengine yote, kimo cha mlango, upana wa pengo la bampa, umbali wa taa na taa, nenda kapime kwenye gari lenyewe. Picha hudanganya kwa sababu lenzi hupinda kingo. Ukifika yadini, "Shikamoo mzee" hufungua mlango haraka kuliko maelezo marefu ya kisanii.

Chesisi naikunja kwa bamba la chuma la milimita 1, mihimili miwili yenye umbo la mfereji, naifunga kwa bolti ndogo za milimita 3. Siichomelei. Moto wa kuchomelea hupinda bamba jembamba, halafu gari litakimbia upande maisha yake yote. Springi zinatokana na ule ukanda wa chuma unaofungia marobota ya mabati kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, wakishafungua, huutupa. Kata vipande vinne vinavyopungua urefu, ukunje ncha za kile kirefu kuzunguka msumari wa inchi 4 upate jicho, kisha ukipe kila kipande mkunjo kwa mkono, taratibu. Usiupashe moto, maana ukishaiva unapoteza uchangamfu wake na gari litalala tumbo. Paka grisi kidogo katikati ya vipande.

Nguvu inatoka kwenye drili ya betri iliyokufa. Kinachokufa mara nyingi ni betri yake, mota na gia boksi huwa bado nzima. Gia ya chini ya drili za aina hii huzunguka kama mara 350 kwa dakika. Kwenye difu ya nyuma weka zile gia mbili za pembe kutoka kwenye grinda ndogo iliyoungua. Zinapunguza mwendo karibu mara tatu. Piga hesabu: tairi la sentimita 8 husogea sentimita 25 kwa mzunguko mmoja, likizunguka mara 115 kwa dakika gari linakwenda chini kidogo ya kilomita 2 kwa saa. Zidisha kwa kumi kufuata kipimo, unapata kama 17, na huo ndio mwendo halisi wa Land Rover iliyobeba magunia kwenye njia ya porini. Gari dogo linaloruka mawe kwa kasi ya panya linavunja uongo wote mzuri ulioujenga.

Ekseli ya mbele, nunua. Najua wapo watakaonuna. Lakini ekseli inayokata kona na kuvuta kwa wakati mmoja inahitaji viungo vidogo vya msalaba ambavyo kwa msumeno na tupa vinakula muda ambao ungeutumia kwenye bodi. Agiza ya chuma pamoja na servo ya kukatia kona yenye gia za chuma, kidhibiti mwendo cha mota ya brashi na rimoti ya gigahezi 2.4. Chagua ekseli ambayo gia zake zinapunguza sawa na za grinda yako, la sivyo magurudumu ya mbele na ya nyuma yatagombana njia nzima. Kidhibiti hakikisha kinakubali seli tatu za lithiamu. Seli zenyewe unaweza kuzipata kwenye betri za kompyuta mpakato kwa mafundi. Nzima husoma volti 4.2 ikijaa, usiiache ishuke chini ya 3, na iliyoshuka chini ya 2.5 usihangaike nayo. Chaji kwa chaja inayosawazisha seli, ukiwa macho, mbali na kitanda. Hapo sina mzaha.

Matairi ni ndala. Kata duara za ndala nene, gandisha mbili mbili, kisha vika juu yake vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyokatwa kufuata meno ya tairi. Wauza katambuga watakupa mabaki ya mpira wa gari, lakini ule ni mgumu mno. Dodoma ni nchi ya majabali ya granaiti, mawe yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na uso wake ni wa kukwaruza. Mpira laini hujikunja ukashika, mgumu huteleza. Kwenye rimu za mbele ongeza zile risasi ndogo za kubalansi magurudumu ili uzito ulale mbele na chini. Nawa mikono baadaye.

Sasa bodi. Mifupa yake naitengeneza kwa bomba la PVC la inchi 4 lililopasuliwa kwa urefu. PVC huanza kulegea kwenye nyuzi joto 80 hivi. Dodoma ipo mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kabla ya kufika 100, kama 96, na yanatosha kabisa. Mwagia maji yanayochemka, likilegea lifunue kwenye sakafu, weka ubao na tofali juu mpaka lipoe. Umepata bapa safi. Usilichome kwa moto wa mkaa, moshi wake ni sumu.

Juu ya mifupa hiyo navika aluminiamu, na hapa nina siri ndogo: mabamba yaliyotumika ya mitambo ya kuchapa vitabu na magazeti. Yana unene wa karibu milimita 0.3, yanakatika kwa mkasi, na yakigongwa yanabonyea vilevile kama ubavu wa Land Rover yenyewe, kwa sababu Land Rover yenyewe ni aluminiamu. Gari hilo lilizaliwa 1948, Uingereza ikiwa na uhaba wa chuma baada ya vita huku aluminiamu ikipatikana, basi bodi ikatengenezwa nayo. Ribiti zote unazipiga kutoka nyuma ya bamba kwa ncha ya kalamu iliyokwisha wino, kila moja mahali pake, kwa kufuata vipimo ulivyochukua yadini. Kazi inachosha shingo, lakini jicho la mtazamaji linaanzia hapo.

Na kwa sababu bodi ni aluminiamu, kosa nililoliona mara nyingi kwenye magari ya wenzetu ni kutu nyekundu kwenye mabawa na milango katikati. Fundi mmoja mzee alikishika kigari cha kijana aliyeambatana nami, akakigeuza, akasema, "Mwanangu, hapa pote umepaka kutu, na hapa hapaoti kutu." Alikuwa sahihi. Kutu ya 109 iko kwenye chesisi, kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na abiria, kwenye bampa, na chini kabisa ya mlango pale fremu ya chuma inapokutana na ngozi ya aluminiamu. Hapo ndipo metali mbili zikilowa hulana, rangi ikavimba na kupasuka. Kwenye mabawa rangi ikitoka unaona weupe wa kijivu, si wekundu.

Sehemu za chuma nazipaka kwanza rangi ya redi oksaidi. Ikikauka nazilowesha kidogo, nanyunyiza chumvi ya mawe pale maji yanapotuama, kisha napuliza rangi ya krimu juu yake. Ikikauka, naisugua kwa kidole chini ya maji. Chumvi inaondoka na rangi, na redi oksaidi inachungulia kwa kingo zisizonyooka ambazo brashi haiwezi kuzichora. Ukitaka kutu halisi, kusanya unga wa chuma chini ya grinda ya fundi wa mageti, uchanganye na gundi nyeupe, upake, kisha unyunyize siki yenye chumvi. Asubuhi utakuta kutu ya kweli.

Kila mkwaruzo uwe na chanzo. Tunaendesha kushoto, dereva anakaa kulia, kwa hiyo mlango wa kulia umechakaa kuliko wa kushoto: rangi imelika kuzunguka kitasa, na juu ya mlango pale kiwiko kinapolala. Boneti na paa vimepauka kwa jua, mbavu zimebaki na rangi nzito zaidi. Chini ya mfuniko wa tangi kuna michirizi ya dizeli, na vumbi limeshika hapo kuliko penginepo. Sehemu ya mizigo nyuma ina michubuko mirefu ya magunia na madumu, si vitone vilivyotapakaa. Kioo cha mbele kina nusu duara mbili safi za waipa. Zifunike kwa utepe wa karatasi kabla ya kupaka vumbi, ukiubandua utajipongeza mwenyewe.

Vumbi lenyewe usilinunue. Chota udongo nje, uanike, uupitishe kwenye kichujio cha chai na halafu kwenye soksi nyembamba ya kike. Koroga na maji na matone machache ya gundi nyeupe, paka nyepesi, acha ikauke, rudia. Nyuma ya gari paka zaidi, kwa sababu pikapu ikikimbia hewa hujizungusha nyuma yake na kuvuta vumbi kurudi kwenye mlango wa nyuma. Wengi husahau hilo, hupaka vumbi mbele ambako upepo hulipeperusha.

Hapo ndipo swali la mwezi linaporudi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Gari la Februari lina tope zito ndani ya mada gadi na kwenye chesisi, lakini paa limesafishwa na mvua. Gari la Agosti limekaa na vumbi kavu kila pembe, na nyufa za mlango zimejaa. Ukichanganya vyote viwili kwa wingi ule ule, umejenga gari la nchi isiyokuwepo. Hata mwaka una maana yake. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa 2018. Gari la safari za Kondoa, iliyo kwenye njia hiyo, kabla ya hapo lilikuwa na sura nyingine kabisa na hili la leo linaloteleza kwenye lami. Amua, kisha ubaki hapo hapo.

Namba ya gari iandike kwa mkono: ya binafsi maandishi meusi juu ya manjano, ya biashara juu ya nyeupe. Buni namba, usiandike ya mtu. Na ukitoka kuliendesha, usilifungie kamera ukapita nalo karibu na majengo ya serikali, ambayo kwa mji huu ni mengi. Walinzi hawatofautishi kichezeo na kitu kingine, na si kazi yao kutofautisha.

Ombi langu ni kwa wenye Land Rover mbovu uani. Wanunuzi wa chuma chakavu wanapita kila siku na mizani zao. Kabla hujawapa, mruhusu kijana mwenye futi na daftari akae nayo nusu saa, apime kila kitu mpaka ribiti. Zikiisha hizo, vipimo vyetu vitatoka kwenye picha tu.