Msalaba Juu ya Mashua



Tumezoea kumtazama Bwana wetu msalabani tukiwa chini, tumeinua macho. Mchoraji Salvador Dalí wa Hispania, katika picha aliyoichora mwaka 1951, ametupandisha juu. Twautazama msalaba kana kwamba tuko mbinguni: kichwa cha Bwana kimeinama, uso hatuuoni, mikono imenyoshwa, na nyuma yake ni giza tupu. Lakini chini ya miguu yake kuna mawingu yenye nuru ya dhahabu, kisha maji matulivu, mashua na wavuvi. Ni ghuba ya Port Lligat, alikokuwa akiishi mchoraji mwenyewe.

Giza halikufutwa ili nuru ipate nafasi. Vyote viwili vimo, na msalaba umening'inia katikati, haugusi ardhi, ila umewainamia watu wa kazi walio na mashua yao. Hapo twakumbuka Wafilipi 2:6-8, jinsi aliye juu alivyojishusha.

Hata hivyo, jambo moja hutusumbua. Katika picha hii hakuna misumari, hakuna taji ya miiba, wala tone la damu. Je, mama aliyemzika mwanawe juma lililopita atapata faraja gani kwa Kristo asiye na jeraha?

Jina la picha latusaidia. Inaitwa Kristo wa Mtakatifu Yohana wa Msalaba, kwa kuwa Dalí aliongozwa na mchoro mdogo wa mtawa huyo wa karne ya 16, uliohifadhiwa mjini Ávila. Yohana aliyajua mateso. Mwaka 1577 watawa wenzake (naam, wenzake!) walimfunga huko Toledo katika chumba chembamba, karibu miezi tisa, hata akatoroka mwaka 1578. Nao mchoro wake hauyafichi: mwili umelemea mbele kwa uzito, na misumari yaonekana wazi.

Sisi twaona kwamba picha hizi mbili hazitoshi kila moja peke yake. Ya Yohana ina uchungu, ya Dalí ina utukufu. Bwana alipomtokea Tomaso alikuwa amekwisha kufufuka, na alama za misumari alikuwa nazo bado.

Ajabu ni kwamba mwaka 1961, katika jumba la makumbusho la Kelvingrove mjini Glasgow, mtu mmoja aliishambulia picha hii akaipasua. Mchoraji alimwacha Kristo bila jeraha, picha ikajeruhiwa. Mafundi waliitengeneza, ikarudishwa ukutani.

Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yohana wa Msalaba tarehe 14 Desemba. Katika kikundi cha Biblia juma hilo tusome Yohana 20:24-29, kisha Marko 1:16-20. Kila mmoja aje tayari kuwaambia wenzake: anapofumba macho kuomba, humwona Kristo yupi?